Shikamoo kwa Kishikwambi

Kitu cha kwanza alichokiona Sikudhani kilikuwa kipovu. Kipovu kidogo cha hewa, hakizidi punje ya dengu, kilichonaswa chini ya nailoni ya kishikwambi cha binamu yake Asumini. Alikiona asubuhi ya siku ya kwanza alipokwenda kumjulia hali kazini, akakiona tena masika yalipokwisha, palepale pembeni, kimetulia kama mpangaji asiyedaiwa kodi. Akawaza: kishikwambi kinachoguswa, kipovu chake hutembea. Hiki mbona hakitembei? Lakini Sikudhani hakuwa mtu wa kusema anachokiwaza, na nchi yao haikuwa nchi ya kusema mtu anachokiwaza, kwa hiyo wawili hao, yeye na nchi, walipatana vizuri.

Nchi yenyewe iliitwa Tusemeje. Usiitafute kwenye ramani. Ramani yake ilipelekwa kupambwa kwa ajili ya sherehe na mpaka leo haijarudi.

Siku hizo vishikwambi viwili ndivyo vilivyogombea soko la Tusemeje. Cha kwanza kiliitwa Fahari. Fahari ilikuja kwa ndege, imelala ndani ya boksi, boksi ndani ya boksi, na ukingo wake uling'aa kama jino la bwana harusi. Bei yake haikutajwa kwa sauti. Muuzaji alikunong'oneza, nawe ukakaa kwenye kiti kilichowekwa dukani maalumu kwa watu waliokwisha kunong'onezwa.

Cha pili kiliitwa Riziki. Riziki ilikuja kwa lori, ndani ya viroba, imechanganywa na mafagio na mabeseni. Mgongo wake ulikuwa wa plastiki, na ukiitumia sana ilipata moto kama kikaango cha chapati. Ilikuwa na tabia moja ambayo hakuna fundi aliyewahi kuitibu: chaji ikikaribia kwisha, ililia kwa sauti ya mama aliyekosana na wakwe. "Nina njaa! Nina njaa!" Ililia hivyo mpaka ilishwe umeme. Ila kwa bei ya mbuzi mwembamba, Riziki ilisoma, iliandika, ilionyesha mpira, na ilifundisha watoto hesabu walizokuwa hawafundishwi kwingine.

Sikudhani aliuza Riziki katika kibanda cha mjomba wake. Aliacha shule darasa la tano, mwaka ambao mabati ya darasa lao yalihamishwa kwenda kuezekea jukwaa la Wiki ya Elimu. Asumini naye aliacha mwaka uleule, kwa mabati yaleyale. Lakini Asumini alijua kucheka. Alicheka mbele ya mtu aliyestahili kuchekewa, na sasa alikuwa ndani ya Jumba la Fahari, ng'ambo ya barabara, kwenye kiti kinachozunguka, chini ya kiyoyozi, akiletewa chai yenye iliki. Kishikwambi chake kiliwekwa mbele yake juu ya kitambaa cha kufuma, kama mfalme aliyekuja kupima kiti.

Na Sikudhani ndiye mkubwa! Alizaliwa masika, Asumini vuli. Bibi yao Tunu aliwalea kwa uji wa sufuria moja. Kila Asumini alipozunguka kwenye kile kiti, Sikudhani aliihesabu mizunguko.

*

Basi ikatokea kwamba Fahari hainunuliwi, ila na wakubwa wachache. Watu waliingia Jumba la Fahari, wakapoa jasho, wakanong'onezwa, wakakaa, wakaondoka. Kisha walivuka barabara wakanunua Riziki.

Jambo hili lilimhuzunisha sana Mheshimiwa Ngozoma, Waziri wa Heshima na Bei. Wapo wenye ndimi ndefu waliosema alihuzunika kwa sababu Jumba la Fahari lilikuwa la mke wake. Si kweli. Lilikuwa la wake zake wote wawili. Mheshimiwa alihuzunika kwa ajili ya taifa.

Akapanda juu ya gari lenye spika, akalipitisha sokoni.

"Wananchi! Soko letu limekosa adabu! Kitu rahisi kinashindana na kitu ghali mbele za watu, mchana kweupe! Mababu zetu walituachia salamu ya heshima, shikamoo, mdogo kumpa mkubwa. Lakini ukubwa ni nini? Mvi? Hata mbuzi ana mvi! Serikali imetafakari, imeona: umri wa mtu hauko mwilini, uko mkononi! Kuanzia leo, mwenye Riziki atamwamkia mwenye Fahari, naye ataitikia marahaba. Wenye Riziki wakikutana wao kwa wao waulizane mambo, waitikiane poa, wasipotezeane muda. Na asiye na kishikwambi kabisa apunge mkono kwa mbali, asiwachanganye watu."

Umati ulipiga makofi. Watu wa Tusemeje walipiga makofi kwanza, kisha wakaulizana kimesemwa nini.

"Na Fahari ni Fahari ikiwa mpya!" Mheshimiwa aliongeza. "Atakayebandua nailoni yake, Fahari hiyo imechakaa, na shikamoo zake zimekwisha!"

Hapo Sikudhani akaelewa kwa nini kipovu hakitembei. Asumini hakuwa amekiwasha kile kitu hata mara moja. Wenye Fahari wote hawakuwasha zao. Walizibeba vifuani kama vitoto vilivyolala, wakikusanya shikamoo.

Mtaani akaletwa Bwana Mtengeti, Afisa Salamu wa Kata, mtu mwenye filimbi shingoni na masikio yaliyokaguliwa na daktari wa serikali. Asubuhi ya kwanza alisimama katikati ya barabara, akamtazama Sikudhani, akamtazama Asumini, akaweka filimbi mdomoni.

"Wewe wa kibandani! Unangoja nini?"

Sikudhani alikunja pindo la kanga. "Yule ni mdogo wangu, baba."

"Ana nini mkononi?"

"Fahari."

"Na wewe?"

"Riziki."

"Basi ni bibi yako. Mwamkie."

Asumini alikuwa amesimama mlangoni, kucha zimepakwa rangi ya zambarau. Sikudhani alifungua mdomo. Neno lilikwaruza koo kama mwiba wa dagaa.

"Shikamoo."

"Marahaba, Siku," alisema Asumini, kisha akaficha uso, labda anacheka, labda hacheki, kwa mbali haikuonekana. Sikudhani aliamua kwamba anacheka. Wivu ukishakupa macho, hauhitaji ushahidi.

*

Ikawa hivyo kila asubuhi. Ajabu ni kwamba shikamoo zenyewe hazikumuuma Sikudhani kama marahaba. Lilikuwa neno zuri, alipolisikiliza. Limejaa, la mviringo, linatoka mdomoni kama mtu anayekaa kwenye mto. Naye hakuwahi kulisema maishani. Watoto wa jirani walipomwamkia aliitikia kwa kichwa tu, sauti ikikataa kutoka, mpaka watoto wakachoka wakaacha. Sasa alilitaka. Akiwa anafuta vumbi kwenye Riziki zilizozimwa, alijiona usoni mwa kioo cheusi, akaichezesha midomo bila sauti: ma-ra-ha-ba. Kisha akatazama ng'ambo, kuona kama kuna aliyemwona. Hakuna. Hakuna mtu aliyekuwa akimwona.

Ijumaa moja Bibi Tunu alikuja sokoni. Alikuwa na fimbo yake, kanga zake mbili, na Riziki kwenye kikapu, ambayo aliitumia kusikiliza mawaidha. Aliingia kwanza Jumba la Fahari kumjulia hali mjukuu. Bwana Mtengeti akamfuata, filimbi tayari.

Sikudhani aliona yote kupitia kioo cha Jumba, na mlango uliachwa wazi. Bibi alisimama, akavua kandambili kwa sababu ya zulia. Aliangalia filimbi, akaangalia kile kishikwambi kwenye kitambaa, akainamisha kichwa chenye mvi mbele ya mtoto aliyemfunga nepi.

"Shikamoo, mjukuu wangu."

Asumini alitazama dari. Alitazama dari kana kwamba pameandikwa kitu.

"Marahaba."

Kile kilichompanda Sikudhani kilimpanda toka miguuni. Mshenzi! alisema moyoni. Msichana asiye na haya! Ingekuwa mimi, ningeruka kwenye hicho kiti, ningepiga magoti kwenye hilo zulia lao, ningeshika mikono ya bibi yangu nikampa shikamoo yake, na huyo mwenye filimbi aipulize mpaka mashavu yapasuke. Ingekuwa mimi! Aliapa hivyo, kwa jina la mama yake, na kwa ule uji wa sufuria moja.

Bibi Tunu akavuka barabara. Sikudhani akasimama haraka, shikamoo imemjaa mdomoni kwa mara ya kwanza bila kukwaruza. Filimbi ikalia.

"Riziki kwa Riziki!" alipaza sauti Bwana Mtengeti. "Mnajua utaratibu!"

Bibi alimtazama Sikudhani. Mashavu yake yalitikisika kidogo.

"Mambo, Siku?"

"Poa, Bibi."

Hawakuweza kutazamana tena. Bibi alitia Riziki chaji hapo kibandani, akanunua muhogo kwa jirani, akaondoka zake.

*

Riziki, hata hivyo, iliendelea kuuzwa. Iliuzwa kuliko zamani. Na hapa kuna jambo ambalo mtu mnyamavu tu ndiye angeaminiwa nalo.

Wenye Fahari walikuwa binadamu. Walikuwa na barua za kusoma, na wajukuu wa kunyamazishwa kwa katuni. Fahari haikuweza kuwashwa, nailoni ingechafuka. Kwa hiyo walikuja nyuma ya kibanda cha Sikudhani, kwenye kidirisha, magari yakiwa na vioo vyeusi.

"Nipe moja. Ni ya mpishi."

"Nipe mbili. Ni za mlinzi na mbwa wake."

Hakuna aliyemsalimu. Walichukua, wakaficha, wakaondoka, na kesho yake alipokutana nao barabarani aliwapa shikamoo, wakaitikia kama watu waliosikia nzi.

Adhuhuri moja kidirishani akatokea mwanamke mpana aliyejitanda baibui hadi puani. Viatu vyake vilikuwa vya kiume, vya ngozi, vimepigwa rangi vikang'aa. Sikudhani alivitambua. Vilikuwa vimesimama juu ya gari lenye spika.

"Binti," alisema mwanamke kwa sauti nzito, kisha akaikumbuka, akaipandisha. "Binti, nipe Riziki. Nyembamba. Ya kukaa chini ya kitambaa."

"Ya mpishi?" Sikudhani alinong'ona.

"Ya... ya yaya. Yaya wangu ana hotuba ndefu keshokutwa, Siku ya Fahari. Mbele ya Mkuu wa Nchi. Maandishi yawe makubwa, yaya haoni vizuri."

Sikudhani akaichagua, akaifuta, akaipeleka. Akakumbuka jambo. Umeme ulikuwa wa mgao, na wiki hiyo mgao ulikuwa umewasahau kabisa.

"Mheshim... mama. Chaji yake ikipungua huwa ina..."

"Nyamaza!" Mkono wenye saa nene ulitoka kwenye baibui. "Wewe hujaniona, mimi sijakuona. Hatukusalimiana, hatukuongea. Mwenye Riziki anamfundisha nani?"

Sikudhani akanyamaza. Hilo alijua kulifanya vizuri.

*

Siku ya Fahari uwanja ulifurika. Wenye Fahari walikaa kivulini, kila mmoja na kitambaa chake cha kufuma mapajani, na kishikwambi juu yake kinametameta, kimelala. Asumini aliketishwa mstari wa mbele kama mfano kwa vijana. Wenye Riziki walisimama juani, na wasio na kitu walipunga mkono kwa mbali, kama walivyoelekezwa.

Mkuu wa Nchi aliketi katikati, mzee mwembamba mwenye tabasamu lililopachikwa asubuhi. Mheshimiwa Ngozoma akapanda jukwaani, lile lenye mabati ya darasa la tano. Mbele yake wakaweka Fahari yake. Alifungua mikono.

"Mkuu! Nitasoma kutoka Fahari yenyewe, ili wanaobeza waone!"

Akainama, akainua pindo la kitambaa chake kwa kidole, akasoma. Alisoma vizuri. Alisoma kwamba ghali ni heshima na rahisi ni aibu, kwamba taifa limeshiba, kwamba njaa ilifutwa kwa tamko mwaka juzi na haijaonekana tena. Wapambe walifuta machozi. Kisha akatua, ili ukimya uonekane.

"Nina njaa!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Ilitoka chini ya kitambaa cha Mheshimiwa.

Mheshimiwa akakohoa, akakibonyeza kitambaa kwa kiwiko.

"Nina njaa! Nina njaa!"

Tabasamu la Mkuu wa Nchi likabaki mahali pake, lakini macho yakahama. "Ngozoma," alisema taratibu, na vipaza sauti vikabeba, "nani ana njaa katika nchi yangu?"

"Hakuna, Mkuu! Hakuna hata..."

Na kwenye jukwaa la kivulini, ndani ya mkoba wa mke mkubwa wa Mheshimiwa, kitu kikajibu. "Nina njaa!" Kikafuata kingine kwenye koti la Jaji. Kingine chini ya makalio ya Mkurugenzi wa Shibe. Mgao haukuwa na upendeleo. Riziki zote zilikuwa zimefunga tangu Jumatatu. Kivuli kizima kikalia kwa sauti moja ya mama aliyekosana na wakwe, mabwana wakijipigapiga vifuani kama wenye siafu, na vitambaa vya kufuma vikaanguka. Juani, wenye Riziki za haki walikuwa wamezizima za kwao kutunza chaji. Walisimama kimya kabisa, kwa heshima.

Mtu mmoja nyuma akacheka. Halafu wawili. Sikudhani naye alicheka, ndani ya kanga, mpaka mbavu zikauma, akimtazama Asumini tu. Asumini peke yake ndiye ambaye hakulia njaa. Alikaa na Fahari yake, ambayo haikuwa na kitu chochote chini.

*

Ungedhani Mheshimiwa aliaibika. Ndiyo sababu wewe si waziri.

Kesho yake gari lenye spika likapita. "Wananchi! Jana mlijionea kwa macho yenu! Ni kishikwambi gani kimekaa kwenye vifua vya viongozi wenu, karibu na moyo? Riziki! Serikali imetafakari, imeona: Riziki ndiyo heshima ya kweli. Lakini heshima haiwezi kuuzwa bei ya mbuzi! Kuanzia leo Riziki itauzwa kwa kunong'onezwa. Ivikwe nailoni. Mwenye Fahari atamwamkia mwenye Riziki. Na zile Riziki za zamani zilizokwisha guswa, ambazo ni chakavu, zihesabiwe kuwa Fahari."

Umati ulipiga makofi, kisha ukaulizana.

Mjomba wa Sikudhani alikubali haraka kuwa mshirika wa wake wawili wa Mheshimiwa. Wapagazi walivuka barabara na zulia, wakavuka na kiyoyozi, wakavuka na kiti cha kuzunguka. Kibanda kilipakwa rangi, kikawekwa dari jipya. Jumba la Fahari likabaki na mwangwi, na Asumini akatandika gunia nje, akapanga Fahari juu yake kama nyanya. Kucha zake zilikuwa zimebanduka rangi. Sikudhani alipewa chai yenye iliki. Aliinywa polepole, ili ng'ambo waone mvuke.

Asubuhi ile alingoja. Bwana Mtengeti alikuja na filimbi yake, akamgeukia yule wa gunia. Sikudhani aliweka Riziki yake mpya kwenye kitambaa, nailoni imenyooka, akaketi, akajizungusha kidogo. Neno lilikuwa tayari, la mviringo, limekaa ulimini. Asumini alinyanyua uso.

Lakini aliyefika kwanza alikuwa Bibi Tunu.

Alikuwa na kikapu chake, na ndani yake ile Riziki yake ya zamani, iliyoguswa miaka, ambayo sasa ilikuwa chakavu kisheria. Alisimama mlangoni. Akalitazama zulia, akavua kandambili, moja, nyingine. Bwana Mtengeti akasogea nyuma yake na kuweka filimbi mdomoni. Ng'ambo, Asumini alikuwa amesimama wima kati ya Fahari zake, mikono kifuani, anatazama bila kupepesa. Hacheki. Safari hii Sikudhani aliona vizuri kwamba hacheki, na kwamba labda hata siku ile hakucheka.

"Inuka," kitu kilimwambia Sikudhani. Kiapo alikikumbuka chote, na jina la mama yake, na uji. Magoti yake yalijua la kufanya. Kiti kilikuwa laini mno.

Bibi Tunu aliinamisha kichwa chenye mvi.

"Shikamoo, mjukuu wangu."

Sikudhani alitazama dari. Juu kulikuwa na feni jipya linalozunguka, bado limevaa nailoni, na kwenye nailoni, kipovu.

"Marahaba," akasema.